Kanisa la Mkunazini na Njia Iliyotoka Ujiji

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana tunapozungumza juu ya ngoma, mavazi na lugha, lakini ni mara chache tunapoikumbuka mbele ya majengo. Hata hivyo majengo nayo ni sehemu ya utamaduni wa taifa. Jengo la kale limebeba jasho la waliolijenga, akili ya waliolibuni na machungu ya zama zake. Asiyejua kulisoma hana budi kuipokea historia yake kama apewavyo na wengine.

Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, lililoko mtaa wa Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Unguja, pamoja na mambo ya kuangaliwa ndani yake. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwanafunzi wa Gwarama, huko nyanda za juu za Kigoma, aliyezaliwa mbali na bahari na asiyepata kusikia kengele ya Unguja, anaweza kuuliza: Kanisa hilo lanihusu nini mimi? Swali lake ni la haki, nasi tutaanza kwa kulijibu.

Njia na Soko

Soko la Mkunazini halikuishia kwenye kuta zake. Lilikuwa mwisho wa njia ndefu, na moja ya njia hizo ilianzia Ujiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwendo wa siku chache tu kutoka vilima vya Buha. Watu waliokamatwa ng'ambo ya ziwa, hasa katika nchi ya Manyema, walivushwa kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji, wakaongozwa kupitia Tabora hadi Bagamoyo, kiasi cha kilomita 1,200 kwa miguu. Wengi walibebeshwa pembe za ndovu njia nzima, hata mzigo na mchukuzi wakafika pwani wakiwa bidhaa pamoja. Waliosalia walivushwa bahari hadi Unguja. Huko baadhi yao waliuzwa kwa wenye mashamba ya karafuu, na wengine walipelekwa mbali zaidi, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi.

Nchi ya Buha yenyewe haikuwa uwanja mtupu wa kupitwa na kila msafara. Wami wa Buha na watware wao walitoza hongo, na msafara usiolipa haukupita kwa amani. Henry Morton Stanley aliyaona hayo mwishoni mwa 1871 alipokuwa akimtafuta Dakta David Livingstone. Baada ya kutozwa vitambaa vingi alipopita Uha, aliamua kuwatoroka watoza hongo wengine kwa kusafiri usiku porini, ndipo akafika Ujiji. Jambo hili yafaa lifundishwe, maana linaonyesha kwamba wenyeji wa bara walikuwa na mamlaka na sheria zao hata katika zama zile ngumu.

Habari zilizosaidia kulifunga soko la Unguja nazo zilipita katika njia hiyo hiyo. Mwezi Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akashuhudia wafanyabiashara wenye bunduki wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia waliuawa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na mwenye simanzi. Stanley ndiye aliyezipeleka barua zake Ulaya. Habari zikatoka Ujiji zikafika London, na kutoka London madai yakaja Unguja.

Kufungwa kwa Soko

Mikataba ya kuzuia biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kutiwa saini kabla ya hapo. Mkataba wa 1822 ulikataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na ule wa 1845 ulikataza kuwapeleka Uarabuni. Biashara iliendelea. Mwanzoni mwa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika kwa Sultani, Seyyid Barghash, na Sultani akakataa masharti yake. Ndipo Balozi wa Uingereza, John Kirk, akamtolea vitisho vya kukizingira kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini mkataba uliokataza kusafirisha watumwa baharini na kuamuru masoko yote ya hadhara yafungwe. Livingstone alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, huko Chitambo katika nchi ambayo leo ni Zambia, asipate habari hiyo.

Yafaa hapa tuseme wazi jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kufungwa kwa soko hakukuwa kufutwa kwa utumwa. Aliyekuwa mtumwa tarehe 4 Juni alibaki mtumwa tarehe 6 Juni. Utumwa katika Unguja na Pemba ulipoteza nguvu ya sheria mwaka 1897 tu, baada ya Waingereza kuvitia visiwa hivyo chini ya himaya yao mwaka 1890. Na hata wakati huo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria walingoja hadi 1909. Tanganyika bara sheria ya kuukomesha utumwa ilitoka 1922. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kanisa la Mkunazini ni ukumbusho wa mwisho wa utumwa, hapana budi tuongeze kwamba wakati jiwe lake la msingi linawekwa, maelfu ya watumwa walikuwa wakichuma karafuu mashambani, nje kidogo ya mji.

Ujenzi wa Kanisa

Waliolijenga kanisa hili walikuwa wamisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa Uingereza baada ya hotuba aliyoitoa Livingstone Cambridge mwaka 1857. Kundi lao la kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, lilikwenda nyanda za mto Shire mwaka 1861, na Mackenzie akafariki kwa homa mwaka uliofuata. Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Alifuatana na Dakta Edward Steere, ambaye baadaye, mwaka 1874, aliwekwa wakfu kuwa askofu badala yake.

Soko lilipofungwa, misheni ilipata kiwanja chake. Sehemu ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni, A. N. West, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, 1873. Jina la mtaa latokana na mkunazi, mti wenye miiba na matunda madogo ambao watu wa pwani waujua sana.

Ramani ya kwanza ilichorwa Uingereza na mchoraji C. F. Hayward, lakini Steere aliigeuza kadiri ujenzi ulivyoendelea. Yeye alisimamia kazi siku kwa siku, na ibada ya kwanza ilifanywa ndani ya kuta hizo Krismasi ya 1877, kabla paa halijawekwa.

Vifaa vilikuwa vya nchi kwa sehemu kubwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yale yale yaliyojenga misikiti na nyumba za Waswahili kwa karne nyingi, Kilwa, Lamu na Unguja. Jambo jipya lilikuwa paa. Badala ya boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe, Steere alitaka paa moja lililopindwa mfano wa nusu ya pipa lililolazwa, lisilo na boriti hata moja. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya pwani, kwa sababu mti hauzidi urefu wake. Paa la kupinda halikuwa na mpaka huo. Matumbawe yalipondwa, yakachanganywa na saruji iliyoletwa kwa meli, yakamiminwa juu ya majukwaa ya miti. Wako waliotabiri kwamba miti ikiondolewa paa litaanguka. Miti iliondolewa, na paa lingali juu hadi leo.

Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Lakini waliopasua mawe, wakachoma chokaa, wakapanda majukwaa na kumimina zege hawakuandikiwa majina yao ukutani. Walikuwa waashi na vibarua wa Unguja, na yaaminika miongoni mwao walikuwamo watu waliowahi kuonja utumwa wao wenyewe.

Mambo ya Kuangaliwa Ndani Yake

Anayeingia kanisani humo huona kwanza wembamba na urefu wake, na dirisha zilizochongoka ambazo zakumbusha makanisa ya Ulaya na nyumba za Waarabu kwa pamoja. Upande wa birika la ubatizo, karibu na mlango, ziko nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa amesafiri, na mafundi, ambao hawakuwa wamezoea nguzo za namna ile, wakazipindua, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Wageni huicheka habari hiyo. Sisi twaona kwamba mwenye kucheka atazame juu pia, alione paa, ndipo atoe hukumu yake juu ya ustadi wa mafundi hao.

Mbele ya madhabahu liko duara la marumaru sakafuni. Mapokeo yasema kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko, ili wanunuzi waone nani ana nguvu za kuvumilia. Nakshi za madhabahu zilitolewa na Bibi Caroline Thackeray, aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule ya wasichana waliokombolewa huko Mbweni. Dirisha moja la kioo cha rangi ni ukumbusho wa mabaharia waliokufa wakiyasaka majahazi ya watumwa.

Kwenye nguzo karibu na madhabahu uko msalaba mdogo wa mbao. Mbao hiyo ilitoka katika mti wa Chitambo ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Mwili wake ulikaushwa kwa jua na kuchukuliwa hadi Bagamoyo na Chuma, Susi na wenzao, kupitia Tabora, safari iliyokwisha Februari 1874. Mizigo mingi ilibebwa katika njia ile kwa nguvu ya mnyororo. Huu ulibebwa kwa hiari.

Mnara wa kanisa una saa, na inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash ndiye aliyeitoa, kwa sharti kwamba mnara usipite urefu wa jumba lake la Beit-el-Ajaib.

Uani pana sanamu za watu watano waliosimama ndani ya shimo, shingoni wakiwa wamefungwa mnyororo. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuso zao hazilii wala hazipigi kelele, zimenyamaza tu. Kwa miaka zaidi ya mia moja kanisa hilo lilikuwa na kaburi la askofu na dirisha la mabaharia, lakini halikuwa na sura ya waliouzwa. Sanamu hizo ndizo zilizojaza pengo hilo.

Hadithi na Ushahidi

Karibu na kanisa liko jengo la St. Monica. Chini yake mna vyumba vifupi na vyenye giza, na kwa miaka mingi wageni wameonyeshwa vyumba hivyo kuwa ndimo walimofungwa watumwa waliongoja kuuzwa. Msikilizaji huinama, huingia, hugusa ukuta, na machozi humtoka. Lakini jengo hilo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali mwishoni mwa karne ya 19, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wameeleza kwamba haiwezekani vyumba vya chini ya nyumba iliyojengwa baada ya soko viwe vilitumika wakati wa soko.

Je, kusema hivyo ni kuwatetea wauza watu? Hata kidogo. Soko lilikuwapo, yako maandishi ya walioliona, na yako maneno ya waliouzwa humo. Ukatili wenyewe hauhitaji kuongezewa chumvi. Hatari iko upande wa pili: tukimfundisha mwanafunzi jambo lisilo na msingi, na kesho akagundua kwamba halina msingi, ataanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli, na atakayefurahi ni yule apendaye kusema kwamba habari zote za utumwa zimetiwa chumvi. Mwalimu wa historia anao wajibu wa kuulinda ukweli huo dhidi ya wanaoukana, na dhidi ya wanaoupamba pia.

Waliokombolewa

Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotekwa kutoka jahazi la watumwa. Hao walikuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni, na wengine waliwafuata katika shule za Kiungani na Mbweni. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa waliotaka kurudi bara, na hao ndio waliouanzisha mji wa misheni Masasi. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa mtumwa utotoni, aliwekewa mikono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuipata daraja hiyo. Mtu aliyetiwa bei katika mji ule alipewa daraja katika misheni ile ile iliyojenga juu ya soko lake. Tusisahau lakini kwamba uongozi wa juu ulibaki mikononi mwa Wazungu kwa miongo mingi baada ya hapo.

Lugha nayo ilipata fungu lake. Steere alitoa mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja. Hadithi hizo hakuzitunga. Alisimuliwa na watu wa mji, akiwamo kijana Hamisi wa Kayi, na Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni wa Kiislamu, alimsaidia katika tafsiri. Biblia nzima kwa Kiunguja ilikamilika 1891. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa waliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na maandishi ya zama hizo yalichangia uamuzi huo. Kwa hiyo Kiswahili anachosomea mwanafunzi wa Gwarama kilipitia, kwa sehemu, katika vinywa vya wasimulizi wale wa Unguja.

Funzo kwa Shule Zetu

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu kikamilifu. Kanisa la Mkunazini lamhusu kwa sababu njia iliyofika pale ilianzia karibu na kwao, na kwa sababu njia hiyo haikukoma kuchukua watu soko lilipofungwa. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, iliifuata njia ya misafara kwa sehemu kubwa. Na chini ya ukoloni maelfu ya vijana wa Buha waliifuata kuelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Manamba hakuwa mtumwa. Alitia sahihi mkataba na alilipwa ujira. Lakini kodi ndiyo iliyomsukuma kutoka nyumbani, na namba ndiyo iliyochukua nafasi ya jina lake. Babu wengi wa Kibondo na Kasulu waliyajua hayo, na wajukuu wanafaa kuyaandika kabla hayajapotea.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mwaka 2006 njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilipendekezwa iingizwe nayo. Kanisa lenyewe lilifanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya 2010. Jirani yake hakupata bahati hiyo kwa wakati: Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Matumbawe na chokaa hudumu karne nyingi yakitunzwa, na huanguka kwa siku moja yakipuuzwa.

Basi twawaomba walimu wawafundishe wanafunzi wao kuuliza maswali matatu mbele ya kila jengo la kale, liwe kanisa, msikiti wa Ujiji, au boma la wilaya. Nani aliamuru lijengwe? Nani alilijenga kwa mikono yake? Na nani anayetusimulia habari zake leo, kwa ushahidi gani? Katika Mkunazini swali la kwanza lina jibu lililochongwa juu ya jiwe la kaburi. La pili na la tatu yangali yanahitaji watafiti, na hakuna sababu watafiti hao wasitoke Gwarama.